Usiige sifa za mhusika, iga kitendo chake

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi cherehani, naishi Mbagala, nina miaka 35 na watoto wawili. Shule niliiacha kidato cha pili. Mwanzoni mwa mwaka nilikuwa namsaidia binti yangu kusoma riwaya ya Takadini kwa ajili ya mtihani, nikajikuta naimalizia mwenyewe usiku yeye akiwa amelala. Yule Sekai aliniingia moyoni. Nikajiambia, kama yeye aliweza kuondoka na kichanga mgongoni, mimi nashindwaje kutafuta cheti cha kidato cha nne? Nikanunua madaftari. Mume wangu akacheka, akasema mtu mzima haendeshwi na mtu wa kwenye kitabu. Sasa miezi imepita na madaftari yapo tu juu ya kabati. Je, ni kweli nilifanya utoto? Mbona ari imepoa hivi? Na kuna wahusika wengine unaoweza kunishauri niwasome?"

Marahaba, dada. Nianze na hilo la mumeo, maana nahisi ndilo linalokuuma zaidi. Hapana, hukufanya utoto. Watu wazima wenye akili zao timamu wamebadili maisha yao kwa sababu ya watu ambao hawajawahi kuzaliwa popote isipokuwa kwenye karatasi, redioni au kwenye skrini.

Chukua habari ya Mae Jemison. Alizaliwa mwaka 1956 na kukulia Chicago, Marekani. Tangu utotoni alipenda mambo ya anga, lakini kila Mmarekani aliyerushwa angani miaka hiyo alikuwa mwanamume mweupe. Mwaka 1966 ukaanza kwenye televisheni mchezo wa kuigiza uitwao Star Trek, kuhusu chombo kinachosafiri kati ya nyota. Ndani yake alikuwemo afisa wa mawasiliano aitwaye Luteni Uhura, aliyeigizwa na Nichelle Nichols: mwanamke mweusi, ameketi katika chumba cha uongozi, anafanya kazi yake na wenzake wanamsikiliza. Nichols mwenyewe aliwahi kutaka kuuacha mchezo ule, na Martin Luther King Jr., mpigania haki za watu weusi wa Marekani, ndiye aliyemsihi abaki, akijua maana ya watoto weusi kumwona mtu wao pale. Jemison alikuwa mmoja wa watoto hao. Tarehe 12 Septemba 1992 alipaa na chombo cha Endeavour na kuwa mwanamke mweusi wa kwanza kufika anga za juu. Hajawahi kuona haya kumtaja Uhura. Akiwa huko juu alikuwa akianza zamu zake kwa maneno yale yale ambayo Uhura alizoea kuyasema anapofungua mawasiliano.

Sasa tazama kilichokaa katikati ya mtoto yule mbele ya televisheni na siku ile ya 1992. Aliingia Chuo Kikuu cha Stanford akiwa na miaka 16, akasomea uhandisi wa kemikali. Akasomea udaktari Cornell. Akatibu watu Sierra Leone na Liberia. Akaomba kazi NASA, shirika la anga la Marekani. Usaili ukasimamishwa baada ya chombo cha Challenger kulipuka mwaka 1986. Akaomba tena, na mwaka 1987 akawa mmoja wa watu 15 waliochaguliwa kati ya waombaji wapatao 2,000. Uhura hakumfundisha hesabu hata moja. Alimwonyesha kiti, na juu ya kiti hicho mtu anayefanana naye, basi. Mengine yote aliyafanya Jemison mwenyewe, kwa miaka mingi, vyuoni na hospitalini.

Kwa hiyo mumeo amekosea aliposema mtu mzima haendeshwi na mtu wa kwenye kitabu, ila amegusa jambo lingine ambalo ni kweli: mhusika peke yake hamfikishi mtu. Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la pili.

Mwanasaikolojia Albert Bandura, aliyefundisha Stanford kwa miaka mingi, alieleza mwaka 1977 imani ya mtu kwamba "hili naliweza" hutoka wapi. Alitaja vyanzo vinne. Chenye nguvu kuliko vyote ni kufanya jambo mwenyewe ukafaulu. Kinachofuata ni kumwona mtu anayefanana nawe akihangaika hadi akafaulu. Kisha kuna kutiwa moyo na wengine kwa maneno, na mwisho ni hali ya mwili na hisia zako wakati huo, kama ni msisimko au ni woga. Sekai alikupa cha pili kwa kipimo kilichojaa, na usiku ule ulipofunga kitabu ulikuwa na cha nne pia, ule msisimko. Cha tatu ulikinyimwa pale mumeo alipocheka. Cha kwanza hukukipata kabisa, kwa sababu kununua madaftari hakumpi mtu kufaulu kokote. Msisimko hauishi miezi. Ulipoondoka, hapakuwa na kitu chini yake cha kuushikilia.

Hii haina uhusiano na udhaifu wa tabia, nakuomba ulishike hilo. Mtu yeyote angepoa.

Kuna jambo moja tunalowafanyia wasomaji shuleni ambalo nadhani limechangia. Nimefundisha fasihi miaka mingi, na swali linalorudi kila mwaka ni hili: "Eleza sifa za mhusika fulani." Bila shaka binti yako alijibu kwamba Sekai ni jasiri, ni mvumilivu, ana mapenzi ya dhati kwa mwanawe, hakati tamaa. Alama atapata. Kwa mtihani orodha hiyo inatosha, lakini kwa maisha haina mahali pa kushika. Ukiamka asubuhi na kujiambia "leo nitakuwa jasiri kama Sekai", utafanya nini hasa kati ya kupika uji na kufungua duka? Ujasiri ni jina tunalompa mtu baada ya kuona alichofanya. Kinachofanyika ni kitendo.

Basi rudi kwenye riwaya uisome kwa jicho hilo. Ben Hanson, mwandishi wake, anatuonyesha mwanamke aliyesubiri mtoto kwa miaka mingi hadi akakata tamaa. Anapojaliwa, mtoto anazaliwa na ualbino, na mila ya kijiji chake inataka kichanga cha namna hiyo kisiishi. Sekai hatoi hotuba. Anambeba mwanawe, Takadini, anaondoka usiku, anatembea njia asiyoijua. Kisha anafika katika kijiji cha wageni na anaomba kupokewa. Anapewa kukaa kwa mzee Chivero, naye anaishi pale kwa adabu na kazi, akivumilia macho ya watu na minong'ono yao. Takadini anakulia hapo, anajifunza kwa mzee yule yule kupiga mbira, ala ya muziki, na ndiyo inayompa nafasi mbele ya watu.

Watu wengi wanampenda Sekai kwa kutoroka. Mimi naona ukurasa mkubwa zaidi ni ule wa kuomba kupokewa. Kutoroka kulimtoa mtoto kwenye hatari ya usiku mmoja. Kilichompa Takadini miaka ya kuishi ni kwamba mama yake alibisha hodi kwa watu asiowajua, akajieleza, akakubali kuwa mgeni na kuanza upya chini ya utaratibu wa watu wengine, na mtu mmoja mwenye ujuzi akawaweka karibu naye. Wewe, dada, umeshaondoka moyoni tangu mwanzo wa mwaka. Hodi bado hujabisha.

Nikupe mfano wa fundi mwenzako. Mwaka 1969 huko Peru ulianza mchezo wa televisheni uitwao Simplemente María. María ni msichana wa kijijini anayekuja mjini kufanya kazi za ndani. Kijana wa kitajiri anampa mimba na kumtelekeza. María anaingia darasa la jioni la watu wazima, anajifunza kusoma, anajifunza kushona, na kwa cherehani anapanda hatua kwa hatua hadi kuwa mbunifu wa mavazi anayejulikana. Mchezo ulienea nchi nyingi za Amerika ya Kusini. Ilipofika siku ya kurekodi harusi ya María na mwalimu wake Esteban katika kanisa moja la Lima, watu walifurika kwa maelfu, wengine wamevaa nguo za kwendea harusini na wamebeba zawadi, kwa ajili ya bwana na bibi harusi ambao hawapo.

Mtu anaweza kuishia hapo na kuwaona wale watu ni washamba. Lakini ona kilichotokea majumbani: wasichana wa kazi wakaanza kuwaomba matajiri wao ruhusa ya kwenda darasa la jioni, madarasa ya ushonaji yakajaa, na kila ulikopita mchezo ule mauzo ya cherehani za Singer yakapanda. Hakuna aliyekwenda kununua "uvumilivu wa María". Walinunua cherehani. Walijiandikisha darasani. Waandishi wa mchezo ule walikuwa wametengeneza mhusika ambaye vitendo vyake vinaonekana na vinaweza kufanywa na mtu mwenye mshahara mdogo na saa mbili za jioni.

Mmeksiko mmoja aliyefanya kazi katika televisheni, Miguel Sabido, aliusoma mchezo ule kwa makini na kujiuliza kama yaliyotokea kwa bahati yanaweza kufanywa kwa makusudi. Mwaka 1975 akaanzisha mchezo wake, Ven Conmigo, kuhusu watu wazima wanaoingia darasa la kusoma na kuandika. Alifanya mambo mawili ambayo yanakuhusu moja kwa moja.

La kwanza, aliwagawa wahusika wake mafungu matatu: wale wema tangu mwanzo, wale wabaya, na wale wa katikati, wenye mashaka, wanaoanza wakasita, wanaorudi nyuma, wanaoona aibu, halafu wanaendelea. Mtazamaji wa kawaida alikusudiwa aungane na hao wa katikati. La pili, baadhi ya vipindi vilimalizika kwa maneno mafupi kuhusu huduma iliyopo nje ya skrini. Baada ya kipindi kimoja kutaja mahali vinapopatikana vitabu vya bure vya kujifunzia kusoma, kesho yake maelfu ya watu walikwenda huko, magari yakakwama katikati ya Jiji la Mexico. Katika mwaka ule inakadiriwa karibu watu milioni moja walijiandikisha kwenye madarasa hayo, mara nyingi zaidi ya mwaka uliotangulia. Madarasa yalikuwepo kabla ya mchezo, vitabu vilikuwepo. Mchezo uliunganisha hamu na anwani.

Hiki ndicho kinachokosekana kwako: anwani.

Na sisi tuna mfano wetu, uliochunguzwa vizuri kuliko karibu yote ya aina yake duniani. Julai 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha mchezo wa redio Twende na Wakati, nusu saa, mara mbili kwa wiki. Huenda mama yako aliusikiliza. Mhusika aliyevuma ni Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njia nzima. Lakini mimi nilivutwa zaidi na mkewe, Tunu. Anavumilia, anasita, halafu taratibu anaanza kusimama kwa miguu yake na kufungua biashara ndogo ili watoto wale. Watafiti Everett Rogers na Peter Vaughan, pamoja na wenzao wa Kitanzania, walipata nafasi ambayo ni nadra: eneo linalohudumiwa na mtambo wa Dodoma liliachwa bila mchezo ule hadi mwaka 1995, likalinganishwa na maeneo yaliyousikia, kisha nalo likaanza kuupata. Matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka zaidi kwa waliosikia, na Dodoma ilipofikiwa, mwelekeo ukawa huo huo.

Ndani ya matokeo hayo kuna jambo dogo ambalo watu hulipita. Wasikilizaji hawakusikia tu wakatenda. Wengi walizungumza kwanza: mke na mume, jirani na jirani, wakibishana juu ya Tunu na Mkwaju kana kwamba ni watu wa mtaa wa pili. Kumjadili mhusika ni salama. Unaweza kusema maneno makali juu ya ndoa ya Tunu bila kuitaja ndoa yako, na mwenzako akasikia.

Hapa nataka nikae kidogo na suala la mumeo, kwa sababu nimeona watu wakiumia. Mtu akishajiona yeye ni mhusika mkuu, waliomzunguka huanza kugawiwa nafasi bila kuulizwa. Huyu ndiye adui, huyu msaliti, huyu mshauri mwema. Mume aliyecheka jioni moja, pengine kwa uchovu, pengine kwa hofu kwamba mke akisoma atamwona yeye ni mdogo, anageuzwa kuwa wazee wa mila wa kijiji cha akina Sekai. Na ukishamweka hapo, kila akifungua mdomo utasikia hukumu. Sekai alikuwa na sababu ya kukimbia: uhai wa mtoto. Katika barua yako sijaona kinachokutaka ukimbie. Chukua kitendo cha Sekai kinachohusu hali yako, na kile kisichohusu kiache kitabuni.

Kwa hiyo usimwendee na "nataka kubadili maisha yangu". Hilo ni zito, na halimwambii afanye nini. Mwendee na jambo lenye siku na saa: "Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa mbili hadi saa tatu na nusu usiku, naomba uwe na watoto, mimi niwe na vitabu." Ombi la namna hiyo lina jibu. Akikataa Alhamisi, mtazungumza kuhusu Ijumaa. Na kama ana dakika ya kusikiliza, msomee kurasa zile za Sekai kufika kwa Chivero. Usimfafanulie chochote. Mwache aseme yeye anaonaje.

Tena upo utafiti wa karibu na kwetu unaostahili kutajwa. Mchumi Emma Riley alichukua wanafunzi wa sekondari jijini Kampala, akawagawa kwa bahati nasibu: wengine wakaonyeshwa filamu ya Queen of Katwe, wengine filamu nyingine ya burudani tu. Phiona Mutesi, msichana wa Katwe aliyeinuka kwa mchezo wa chesi, ni mtu wa kweli, lakini wanafunzi wale walimpata kama tunavyowapata wahusika wote, ndani ya hadithi. Walioiona filamu yake walifanya vizuri zaidi katika mtihani wa hisabati, na waliofaidika zaidi ni wasichana na wale waliokuwa nyuma darasani. Saa chache za hadithi! Lakini angalia lini waliiona: mitihani ilikuwa imekaribia. Ari yao ilipowaka, ratiba ilikuwa tayari ukutani na mwalimu alikuwa kesho yake darasani. Ari yako iliwaka usiku, peke yako, na kesho yake palikuwa na gauni la mteja.

Kuna mtego mwingine wa kukwepa, hasa kwa mtu mwenye mawazo mazuri kama wewe. Mwanasaikolojia Gabriele Oettingen alifuatilia wanawake waliokuwa katika mpango wa kupunguza uzito. Waliojiona katika njozi tamu, wamekwisha kupungua na kila kitu ni chepesi, walipungua kidogo kuliko waliokuwa na njozi zenye mashaka. Maelezo yake ni kwamba njozi tamu huupa mwili ladha ya ushindi kabla ya kazi, na nguvu ya kuitafuta inalegea. Anachoshauri ni kuliweka lengo na kikwazo pamoja akilini. Unaona cheti, papo hapo unaona wateja wa Ijumaa, usingizi, aibu ya kukaa na vijana wa miaka 18. Halafu, kama mwenzake Peter Gollwitzer alivyoonyesha katika kazi zake, unapanga kwa sentensi ya "ikitokea hivi, nitafanya hivi". Kwa mfano: "Nikishafunika cherehani na watoto wameshakula, nakaa mezani na kusoma kurasa mbili za Historia kabla ya kushika simu." Na nyingine kwa ajili ya siku mbaya: "Mteja akinichelewesha hadi saa nne, nitasoma ukurasa mmoja nikiwa nimesimama, kisha nilale."

Kurasa mbili ni kidogo, najua. Kidogo ndiyo maana yake. Hakuna fundi aliyeanza na gauni la harusi. Ulianza na pindo, ukafumua, ukashona tena, mpaka mkono ukajua. Kile chanzo cha kwanza cha Bandura, kufanya ukafaulu, kinajengwa na mapindo. Chagua somo moja ulilokuwa unaliweza zamani. Maliza mada moja. Mwambie binti yako akutungie maswali matano, akusahihishe kwa kalamu nyekundu. Siku utakayopata manne kati ya matano, utakuwa na kitu ambacho Sekai hawezi kukupa.

Anwani zenyewe ni hizi. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, ina makao makuu Dar es Salaam na ofisi mikoani, na kazi yake ni watu kama wewe. Nenda na cheti chako chochote cha zamani, hata kama ni cha darasa la saba tu, uwaulize unaanzia wapi kulingana na ulipoishia. Mtu ambaye hakukamilisha hatua ya kidato cha pili katika mfumo rasmi hupitia Mtihani wa Maarifa, ule tunaouita QT, ndipo afanye mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Usajili wa Baraza la Mitihani una dirisha lake kila mwaka, na anayechelewa hulipa faini, kwa hiyo uliza tarehe mapema na uziandike mahali mumeo naye atakapoziona. Vituo binafsi vya jioni vipo vingi jijini. Kabla ya kulipa ada, omba kukaa darasani siku moja uone kama mwalimu anafundisha au anasomesha madokezo, na waulize wanafunzi, usimuulize mwenye kituo, ni wangapi waliofanya mtihani mwaka uliopita.

Ukifika hapo mlangoni, utakuwa umebisha hodi. Utapata pia wenzako, na hao nawathamini kuliko kitabu chochote nitakachokutajia. Mwanamke wa miaka 40 anayesinzia dawati la jirani yako kisha anaamka na kuuliza swali atakufaa zaidi ya Uhura na María wakiwekwa pamoja.

Sasa wahusika. Nitakuambia kwanza nani nisingekushauri uanze naye, na wasomaji wenzangu wa Shaaban Robert wanisikilize hadi mwisho. Utubora, katika Utubora Mkulima, anaacha kazi ya ofisini na mshahara wake, anakwenda kulima, na anabaki mwema kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Ni mhusika bapa, kama tunavyosema darasani, na ubapa huo ulikuwa chaguo la mwandishi: alitaka tuone wema ukiwa umesimama peke yake, bila doa. Nampenda Utubora. Anatufaa kama dira, kutukumbusha kwamba kazi ya mikono ina heshima na kwamba fedha si kipimo cha mtu. Lakini mtu ambaye ari yake imepoa akimsoma Utubora anaweza kuishia kujilinganisha na kujichukia, kwa sababu Utubora hapoi. Hatuonyeshi mtu anafanyaje siku ya nne, mwili ukiwa umechoka na moyo umegoma.

Karama wa Kusadikika, iliyotoka mwaka 1951, ni wa Shaaban Robert vilevile lakini huyu nakushauri. Anashtakiwa kwa sababu ya kufundisha elimu ya sheria katika nchi isiyoitaka. Mshtaki wake, Waziri Majivuno, ana maneno mengi. Karama anamwacha amalize. Kisha anaomba nafasi, na siku baada ya siku anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa na nchi ile kutafuta mambo mema kwingine, wakarudi na kulipwa adhabu. Hapo kuna kitendo cha kujifunza: kumsikiliza anayekucheka hadi amalize, ndipo ujibu kwa mambo yaliyopangwa, kidogo kila siku. Msome jioni ambayo nyumbani mmegombana.

Maimuna wa Utengano, riwaya ya Said Ahmed Mohamed ya mwaka 1980, ni mhusika wa katikati hasa. Amefungiwa ndani na baba yake, Maksuudi, anatoroka, anaanguka vibaya sana mjini, na kurudi kwake juu ni kwa taratibu na kwa maumivu. Yapo mambo mazito humo, kwa hiyo usimpe binti yako kabla hujakisoma. Nakutajia kwa sababu utaona mtu akikosea sana na bado hadithi yake haijafungwa.

Wa mwisho ni Kijakazi, katika Kasri ya Mwinyi Fuad ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1978. Ametumika katika nyumba ya bwana shamba huko Zanzibar hadi mwili umechakaa, na kwa muda mrefu anaamini kwamba hiyo ndiyo nafasi aliyoumbiwa. Hata mapinduzi yanapofika, yeye bado moyoni anamtumikia bwana wake. Msomaji anatamani kumtikisa. Lakini mwandishi hamharakishi. Anamwacha ayaone mambo mwenyewe, moja baada ya jingine, kwa mwendo wa mtu ambaye maisha yake yote aliambiwa kinyume. Nimewapa riwaya hii watu wazima wengi waliokuwa wanaanza tena masomo, na karibu kila mmoja alirudi akitaka kumzungumzia Kijakazi. Inapatikana kwenye maduka ya vitabu vya zamani pale mjini, na inasomeka haraka.